King'ora Kilipolia Mara ya Pili

Aliyenipa Evaldo Oyarzo ni king'ora, na aliyetaka kuninyang'anya ni king'ora hicho hicho. Kinakaa juu ya mnara wa mbao wa Kampuni ya Zimamoto hapa Puerto Lingue. Kikilia kinasikika hadi ng'ambo ya ghuba, na mbwa wote wa mji wanakiitikia.

Evaldo alikuja saluni kwangu Alhamisi moja ya mvua. Saluni ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama, kina kioo kimoja, viti viwili na jiko la kuni ambalo wateja wanalipenda kuliko mkasi wangu. Nilimfunga kitambaa shingoni, nikaanza upande wa kushoto. Nilikuwa nimemaliza upande huo, sijagusa wa kulia, king'ora kikalia. Mwanamume akasimama.

"Samahani, dada. Narudi."

"Unarudi wapi na kichwa nusu?"

"Nusu iliyobaki usimpe mtu," akasema, akatoka mbio mvuani na kitambaa changu kinapepea mgongoni.

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja wao akaniambia, "Usimkasirikie, Yasna. Huyo ndiye dereva wa gari la zimamoto. Akichelewa yeye, wote wamechelewa."

Nilikasirika hata hivyo. Kitambaa kilikuwa kipya. Lakini jioni haijaingia mlango ukafunguliwa, akaingia ananuka masizi kuanzia viatu hadi nyusi, kitambaa changu amekikunja vizuri kwapani. Nusu ya mji ilikuwa imemwona na kile kichwa. Akaketi kwenye kiti kilekile.

"Tuendelee."

"Kulikuwa na nini huko?"

"Bibi mmoja, barabara ya juu. Kuni mbichi, dohani ikashika moto. Sasa yuko salama, anatukana kuni zake." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa yai. "Amenipa hili. Chukua wewe, kwa kuwa umenisubiri."

"Nilikusubiri wewe? Nilikuwa nasubiri kitambaa changu."

Aliniangalia kupitia kioo. Sijui niseme nini juu ya macho yale. Yalikuwa mekundu kwa moshi, yamechoka, na yalinitazama kwa utulivu, bila haraka yoyote, na huyu ndiye mtu aliyekimbia bila kuuliza bei. Ile nusu ya kulia niliikata vibaya, na hakulalamika. Yai sikulila. Nililiweka dirishani, nikawa naliangalia kila asubuhi mpaka mama akaniuliza kama nataka litotolewe.

Pale Kampuni hakuna anayelipwa. Mmoja ni fundi viatu, mmoja anafundisha hesabu, mmoja anauza nyama. Evaldo wangu anachonga vigae vya mbao, hivi tunavyoezekea na kufunika kuta. Wakisikia king'ora wanaacha wanachofanya, kiwe nini, wanakwenda. Aliyeokolewa hutoa alicho nacho, yai, mkate, neno zuri. Mimi kwa miezi niliishi kwa shukrani tupu kwa kuwa mtu wa namna ile amenichagua mimi, msichana wa mkasi, mwenye mdomo mrefu na mama mkali.

Tatizo lote lilikuwa kwa mama.

Mama yangu, Edelmira, akifika karibu na kituo cha Kampuni huvuka barabara. Siku ya sherehe yao, wanapopita na tarumbeta na kofia zinazong'aa, yeye hushusha mapazia. Nyumba ya kwanza ya wazazi wangu iliungua mimi nikiwa mtoto wa kubebwa. Baba, Heriberto Barría, alinitoa mimi, akamtoa mama, akarudi ndani kumtoa bibi yangu. King'ora kililia, kikalia tena, kikalia mara ya tatu. Gari halikuja. Dereva wa siku hizo alikuwa kwake, mezani. Majirani walimwona dirishani. Alidhani ni dohani tu, itazimika yenyewe. Baba na bibi hawakutoka.

Mama hakuwahi kunisimulia zaidi ya sentensi moja. "Alimaliza chakula kwanza," alikuwa anasema, kisha anabadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo mtafikiria wenyewe uso wake siku Evaldo alipoleta posa. Alikuja na shangazi yake, na kaka yake, na mjomba wake Reinaldo Mansilla, ambaye ndiye Kapteni wa Kampuni. Mama alikuwa amepika kuku kwa boga na mahindi, kasuela ya sikukuu, na alikuwa amejikaza kweli, hata alitabasamu. Mjomba Reinaldo akakohoa, akaanza maneno yake ya heshima. "Mama Edelmira, tumekuja nyumbani kwako kwa mikono safi, kuuliza kama binti yako…"

King'ora kikalia.

Mjomba alisimama, kaka alisimama, Evaldo alisimama. Ujumbe wote wa posa ulitoka mbio, tukabaki na shangazi, sahani zinatoa mvuke, shangazi akiwa ameshika kijiko hajui akiweke wapi.

"Ni wazima," shangazi akasema. "Ila wana haraka."

Evaldo aliporudi kuomba radhi, mama alimpokea getini, hakumfungulia.

"Kijana, mlango wangu ni mwembamba. Hamwezi kupita nyote wawili, wewe na Kampuni yako. Chagua anayeingia."

Nilimlilia mama wiki nzima. Nilimwambia Evaldo siyo yule dereva, kwamba huyu aliinuka na yule hakuinuka. "Wote ni wa nyumba ile ile," akanijibu huku anamenya viazi. "Wana kofia nzuri. Wakati wa kofia wanafika. Wakati wa moto sijui." Ukishakaa na chuki muda mrefu huioni tena, inakuwa kama kabati la zamani ndani ya nyumba, unalizunguka tu unapopita.

Jumapili iliyofuata Evaldo alikuja mapema, kabla ya chakula. Mvua ilikuwa imetulia. Niliona kupitia dirisha la saluni kuwa mama amekwenda mwenyewe kumfungulia geti, na amemshika mkono. Nikajua kuna jambo.

Alipita kwangu saluni kwanza. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa sweta la sufu alilofumiwa na shangazi, na hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Kaa," nikamwambia. "Hizo nywele za shingoni zinanitia aibu. Watu watasema, tazama mchumba wa kinyozi."

Akakaa. Nikamfunga kitambaa, kile kile. Kwenye kioo hakunitazama.

"Umefanya nini, Evaldo?"

"Nimerudisha kofia."

Mkasi niliuweka mezani. Pale Kampuni kila mtu ana msumari wake ukutani na kofia yake juu yake. Aliyekufa kazini, kofia yake inaangalia mlango. Aliyejiondoa, kofia yake inageuzwa iangalie ukuta. Kila anayepita anaiona.

"Lini?"

"Leo asubuhi. Mjomba aliipokea, akaigeuza, hakusema kitu. Bora angenitukana."

"Na mimi nani aliniuliza?"

"Hukuniomba, najua. Kama ungeniomba nisingeweza kujua kama ni mapenzi au ni amri. Sasa nimeitoa mwenyewe." Akajaribu kutabasamu. "Nilidhani utafurahi."

"Nifurahi? Nimekuwa natembea mji mzima kichwa juu kwa sababu yako. Vibibi wananishika mkono sokoni wananiambia, mwanangu, yule mchumba wako alinibeba mgongoni. Nalala nashukuru, naamka nashukuru. Sasa umeniletea nani hapa?"

"Nimekuletea mume, Yasna. Mume anayekaa mezani."

"Meza ninayo. Viti ninavyo. Sikuwa natafuta samani."

Nikaona nimemuumiza, nikajisikia vibaya, nikaweka mikono yangu mabegani mwake. Akaegemeza kichwa chake tumboni kwangu, akafumba macho.

"Siwezi kuishi bila wewe," akasema taratibu. "Bila king'ora nitajifunza. Watu wengi wanaishi bila king'ora."

"Na gari nani ataendesha?"

"Mzee Nibaldo yupo."

"Mzee Nibaldo yuko baharini na boti za samaki mpaka katikati ya wiki. Mkewe alikuwa hapa juzi, nilimtia rangi."

Hilo hakulijua. Niliona lilivyomwingia. Lakini wanaume wakishaamua jambo kubwa hawapendi kulirudia kwa ajili ya jambo dogo.

"Basi Ramiro. Amekuwa akijifunza."

"Ramiro aliliingiza gari kwenye bustani ya padri."

"Gia ya pili inakwama. Unatakiwa uipe sekunde moja, uzungumze nayo vizuri." Alisema hivyo kwa sauti ambayo wanaume wengine wanaitumia kwa farasi. Kisha akajikaza. "Ni Jumapili moja, mpenzi. Mji huu unaweza kukaa Jumapili moja bila kuungua."

Mama akaita kutoka jikoni, "Wanangu, chakula kinapoa."

Wanangu. Sikuwa nimelisikia neno hilo katika wingi tangu nizaliwe.

Alikuwa ametandika kile kitambaa cha meza cha harusi yake, kilichookolewa siku ile kwa kuwa baba alinifunga ndani yake wakati ananitoa. Kina doa pembeni, doa langu mimi. Alimkalisha Evaldo kwenye kiti kinachotazama dirisha, akamchomekea leso shingoni kama mtoto, akampakulia yeye wa kwanza, na akampa paja la kuku, ambalo mimi katika maisha yangu yote nimelipata nikiwa mgonjwa tu.

"Kula, mwanangu. Kula ushibe. Nyumba hii ilikuwa inahitaji mwanamume wa kula."

"Asante, Mama."

"Vigae vya upande wa kusini vinavuja."

"Kesho nitavitazama."

"Unaona?" Mama akaniambia mimi. "Kesho atavitazama. Mtu akiwa na utulivu, kesho inakuwepo."

Alikuwa na furaha. Nataka lieleweke hilo, sikuwa nimewahi kumwona mama yangu na furaha ile. Mashavu yalikuwa yamewaka, na alikuwa anasimulia jinsi mimi nilivyokuwa nakula udongo nilipokuwa mdogo. Evaldo alikuwa anacheka. Nikajisemea, labda mimi ndiye mbaya hapa. Labda hivi ndivyo watu wanavyokaa mezani, wakashukuru Mungu.

King'ora kikalia.

Kilianza chini kama kawaida yake, kikapanda. Mbwa wakaitikia mmoja mmoja. Evaldo aliweka viganja vyote viwili juu ya meza, vidole vimepanuka, akavitazama. Chini ya meza magoti yake yalikuwa yanacheza, nikayasikia yakigonga ubao.

"Nipitishie chumvi, Yasna," mama akasema.

Nikampitishia chumvi. King'ora kikashuka, kikanyamaza. Kila mtu wa Puerto Lingue anajua kinachofuata. Unasikia milango inafungwa, unasikia buti za watu wanaokimbia kuteremka, kisha unasikia gari linawaka na kengele yake. Tulisikia milango. Tulisikia buti. Kutoka bondeni tukasikia injini inawaka, inakohoa, inazimika. Ikawaka tena. Ikazimika.

"Gia ya pili," Evaldo akasema kwa sauti ndogo.

"Kula mchuzi ukiwa moto," mama akasema.

Nikatazama dirishani. Juu, kule barabara ya juu, moshi ulikuwa umeanza kutoka kwenye paa moja, mweusi, siyo ule mweupe wa dohani. Kutoka mezani kwetu huwezi kujua ni paa la nani. Mama alikuwa ameupa mgongo.

King'ora kikalia mara ya pili.

Kikilia mara ya pili, mji wote unajua kuwa gari halijatoka. Evaldo akanitazama. Mpaka leo naweza kuuona uso ule. Alikuwa ananiomba kitu, na hakuwa anajua ni kipi. Mimi nilitaka kumwambia nenda, lakini mama alikuwa pale na kitambaa chake cha harusi na furaha yake ya kwanza, na ulimi wangu, ambao haujawahi kunitoroka, ukanitoroka. Akaona sisemi. Akachukua kijiko, akakichovya kwenye sahani, akakipeleka mdomoni. Akatafuna. Akakichovya tena.

Ndipo mama akamwona.

Alikuwa amesimama na upawa mkononi, anataka kuniongezea viazi. Akasimama hivyo hivyo. Alimtazama Evaldo anavyokula, kijiko, mdomo, leso shingoni, na king'ora kinalia. Rangi yote ilimtoka usoni. Mchuzi ulikuwa unadondoka kutoka kwenye upawa unaingia kwenye kitambaa.

"Acha kula," akasema.

"Mama?"

"Nimesema acha kula. Nani dereva?"

"Hakuna, Mama. Nibaldo yuko baharini."

"Na wewe umekaa."

"Nimekaa kwa sababu wewe uliniambia…"

"Najua nilichokuambia." Alimnyang'anya sahani, akaitoa chini ya kidevu chake kijiko kikiwa bado hewani. "Ondoka mezani kwangu."

Kwa muda mfupi nilidhani anamfukuza. Evaldo pia alidhani hivyo, maana alibaki ameduwaa, mdomo wazi.

"Huelewi Kihispania?" mama akamwambia. "Kuna mwanamke huko juu amesimama nje na mtoto mkononi, anasikiliza. Kimbia, mwanangu. Kimbia, nakuomba."

Evaldo akanigeukia.

"Unanitazama nini?" nikasema. Ulimi ulikuwa umerudi. "Mimi ndiye gari?"

Akatoka. Hakuchukua koti. Niliona mgongo wake ukiteremka mtaa ule wa matope na leso ya mama ikipepea begani, na nikalia nikicheka, kwa kuwa hivyo hivyo ndivyo alivyonitoka siku ya kwanza.

Mama alienda dirishani, akaweka kiganja chake kwenye kioo. Nikaenda nikasimama naye. King'ora kikaanza kupanda mara ya tatu na yeye akafumba macho.

"Baba yako alikuwa anasema, wanakuja, Edelmira, nawasikia," akaniambia. "Alisema hivyo mara ya mwisho alipoingia. Hakuwa anasikia kitu chochote. Alisema ili nisiingie nyuma yake na wewe."

Miaka yote ile hakuwahi kuniambia. Nilimshika kiunoni. Hakuwa mtu wa kushikwa, lakini aliniachia.

Tukasikia injini inawaka. Ikakohoa. Ikanyamaza kidogo, muda wa mtu kuzungumza nayo vizuri, kisha ikanguruma ikapanda, na kengele ikaanza. King'ora kilikatwa katikati. Gari likapita mbele ya nyumba yetu likirusha matope mpaka kwenye dirisha la saluni, watu wameng'ang'ania pembeni, na Evaldo kwenye usukani hana kofia, hana koti, haangalii popote isipokuwa mbele.

"Nawasikia," mama akasema.

Alirudi jikoni. Alichukua sahani ya Evaldo, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka ndani ya jiko, upande ambao hauunguzi. Mama hampashii mtu chakula moto. Kwake ukichelewa unakula baridi, hata askofu.

Tulikaa tukingoja. Moshi ule mweusi ukawa wa kijivu, ukawa mweupe, ukapungua. Mama hakugusa sahani yake, wala mimi yangu. Nilimwona midomo yake inacheza na nikajua anasali, ingawa huwa anasema kusali ni kazi ya watu wenye nafasi.

Waliporudi walikuwa wawili, Evaldo na mjomba Reinaldo, na jua lilikuwa bado lipo kidogo juu ya ghuba. Mjomba alivua kofia yake getini. Hakuthubutu kuingia. Alibaki ameishika kifuani, masizi yamemkaa kwenye mikunjo ya uso. Evaldo alikuwa ameloa hadi kifuani na ameungua kidogo nyusi za upande mmoja.

Nilitaka kumrukia shingoni. Nilijizuia kwa ajili ya mama, na sijui kwa nini nilijisumbua, maana mama alinipita, akateremka ngazi, akafungua geti lote.

"Ni kwa nani?" akauliza.

"Bibi Otilia Cárcamo," Evaldo akasema. "Tulimkuta ndani, miguu haikumbeba. Vijana walimtoa na kitanda chake, na blanketi, na kuku wawili waliokuwa chini ya kitanda. Paa limeenda nusu. Yeye mzima. Anatukana kuni zake."

"Na bintiye? Na yule mtoto?"

"Walikuwa nje, Mama. Wamesimama nje. Mtoto amelala huko kwa jirani. Hakukohoa hata."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa yai. Halikuwa limepasuka, sijui kwa muujiza gani. Nikamjua Bibi Otilia kwa yai lake.

"Alinipa mimi," Evaldo akasema. "Lakini nimemwambia mimi nilikuwa nakula. Aliyenitoa mezani ni wewe. Amesema basi hili ni lako."

Mama akalipokea kwa mikono miwili. Akaligeuza, akalitazama. Kisha mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia mbele ya watu, alilia pale getini, mbele ya Kapteni wa Kampuni, bila kujifuta, na yai mkononi.

"Mmefika mapema," akamwambia mjomba Reinaldo. "Mmefika mapema leo."

Mjomba aliinamisha kichwa, akakishikilia hivyo muda mrefu.

"Kofia yake bado imegeuzwa ukutani?" mama akauliza.

"Bado, Mama Edelmira. Kwa desturi yetu anayeirudisha ilivyokuwa ni yule aliyekuwa sababu ya kutoka kwake. Mara nyingi huwa ni bosi wa mtu, au mke."

"Kesho nitakuja. Nitaigeuza mwenyewe." Akapumua. "Mnieleze tu mlango uko wapi, sijawahi kuingia."

"Tutakufungulia yote," mjomba akasema.

Wakaingia. Mlango ni mwembamba kweli, lakini walipita, mjomba na kofia yake na matope yake na harufu yake ya moshi. Mama akatoa sahani jikoni, akaiweka mbele ya Evaldo. Mvuke ukapanda. Akamvua ile leso iliyolowa, akamchomekea nyingine, na mkono wake ukabaki kidogo kwenye bega la yule mwanamume.

"Sasa maliza chakula," akamwambia.

Evaldo alinitazama juu ya sahani. Macho yalikuwa mekundu, yamechoka, hayana haraka yoyote. Nikaweka kiti changu karibu na chake, nikamshika mkono chini ya meza, unanuka masizi, na nikaona hakuna mwanamke ghuba nzima mwenye deni la shukrani kama mimi. Magoti yake yalikuwa yametulia.

Mjomba Reinaldo alikohoa.

"Mama Edelmira, majuzi tulikuja hapa kuuliza neno, tukaondoka kabla ya jibu."

"Niulize tena. Uliza haraka kabla hakijalia."

"Tunamwomba Yasna awe mke wa Evaldo."

Mama alikuwa anatandaza ile sehemu ya kitambaa iliyomwagikiwa mchuzi. Doa jipya lilikuwa limekaa karibu na doa langu la zamani. Alilisugua kidogo kwa kidole, akaliacha.

"Harusini mtakaa karibu na mlango," akawaambia mjomba na Evaldo. "Nyote wawili. Na gari liegeshwe likitazama barabara."